Sori Ipi?

Paa! Sauti moja tu usiku, wapendwa, kisha kimya. Muuguzi mmoja wa zamu alikuwa amebeba hadubini kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika simu. Hadubini ile ndiyo pekee zahanati iliyokuwa nayo ya kuonea vijidudu vya malaria. Akaokota vioo, akairudisha mezani, akaifunika kitambaa vizuri, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Asubuhi aliulizwa nani? Aliyeitumia mwisho: daktari wa Kihispania, mama aliyekuja kujitolea kwa miezi michache. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Angejiteteaje? Alisema "si mimi", akarudia "si mimi", watu wakacheka lafudhi. Akarudishwa kwao kabla ya muda wake, na muuguzi akampungia mkono.

Ikapita miaka tisa. Ndipo muuguzi akasikia kwamba kila yule daktari anapoomba kwenda kujitolea mahali, lile kosa linamtangulia. Usingizi ukamhama. Akaandika barua kwa Kiingereza, akampelekea mwalimu aliyesoma Kihispania, amtafsirie.

Mwalimu akasoma, akakuna kichwa. "Dada, hapa umeandika sori. Sori ipi?"

"Kwani ziko ngapi? Mwalimu, usinifanyie mtihani."

"Kwa Kihispania lazima nichague. Kuna *lo siento*, nasikitika. Hiyo hata msibani inafaa. Halafu kuna *perdóname*, nisamehe. Hiyo huisema mwenye kosa."

"Weka hiyo ya kwanza. Ina heshima."

"Haya. Amefiwa?"

"Hapana."

"Anaumwa?"

"Hapana, bwana!"

"Sasa unampa pole ya nini?"

Niwaulize, wapendwa: dada huyu hakuwa na lugha yake? Kiswahili si kina pole, na si kina nisamehe? Mbona alikimbilia Kiingereza? Kwa sababu sori ni shuka pana. Inamfunika mfiwa, inamfunika na muuaji.

Na sisi je? Tukimkanyaga mtu, sori. Tukimsingizia mtu, sori hiyo hiyo. Tunakuja nayo mpaka humu ndani, tunapiga magoti: "Bwana, tunasikitika kwa yote yaliyotokea." Yaliyotokea! Kama mvua, kama kupatwa kwa jua. Yametendwa na nani? Mungu anangoja tumwombe msamaha, na sisi tunampa pole.

Hebu tusiinuke hapa leo na neno lile pana. Tuchague. Nimemkosea nani, kwa lipi, na aliyekosa anaitwa nani?

Maana yule mwalimu hakuishia hapo. Alichukua kalamu, akasema, "Basi naandika *perdóname*. Lakini, dada, sentensi inayofuata haina mtu. Umeandika hadubini ilivunjika. Nani aliivunja?"

Miaka tisa jina hilo lilikuwa limekaa kifuani mwa mtu mmoja tu. Muuguzi akavuta kiti karibu na meza, akaiangalia ile karatasi.

"Andika," akasema. "Andika vizuri, asome bila taabu. Aliyeivunja ni mimi, Otilia Komba."