Kwa Nini Kuta za Nantarog Zina Matundu

Zama ambazo hata wakongwe wa leo wamezisikia tu, mlima wa Nantarog haukuwa na ukuta hata mmoja. Nantarog ni kijiji cha huko Welisi, kwenye mvua isiyojua kupumzika, na watu wake wanaishi kwa kondoo. Kondoo hao walipanda na kushuka wapendavyo, kila mwana akifuata njia aliyoonyeshwa na mamaye.

Kisha ukazuka ugomvi. Mallt, mjane mwenye kondoo kumi na wawili na ulimi usiopoa, alimlaumu jirani yake Tudur kwamba kondoo wake wanakula majani ya wenziwe. Tudur naye akarudisha neno hilohilo. Wakaona dawa ni ukuta. Ajabu ni kwamba waliujenga pamoja, kiangazi kizima, huyu upande huu na yule upande ule, bila kusalimiana! Wakapanga jiwe juu ya jiwe hata panya hakupata pa kupenya. Wakaacha lango moja tu, na kila mmoja akaenda zake ameridhika.

Mwaka huo theluji iliwahi. Asubuhi Mallt alipanda mlimani, akawakuta kondoo wake wamesimama, pua zimegusa ukuta, theluji ikiwafika magotini. Lango lilikuwa wazi, hatua mia mbili tu kutoka hapo. Akawaswaga hadi langoni. Wakageuka, wakarudi palepale. Akawaswaga tena, wakarudi tena. Mallt akasahau baridi, akabaki kuwatazama. Wana nini hawa? Ndipo akakumbuka kwamba mama zao, na mama wa mama zao, walipita hapohapo kwenda kujikinga bondeni kwa Tudur. Lango lilikuwa habari ya watu. Wao walijua njia.

Kondoo mmoja kikongwe alikuwa amekwisha kulala chini, na Mallt akashikwa na hofu. Hao kumi na wawili ndio waliomlisha na kumvika. Lakini huko Nantarog kubomoa alichojenga jirani ilikuwa aibu kupita wizi. Hata hivyo alipiga magoti, akaanza kung'oa mawe ya chini, vidole vikitoka damu.

Alipovuta jiwe la mwisho, mkono wake ukagusa mkono wa mtu.

"Nani huyo?" akauliza kwa ukali.

"Ni mimi, jirani," akajibu Tudur kutoka upande wa pili. "Wa kwangu wamegoma. Wanautaka mwamba wako, ule wa kujikinga upepo."

"Kwani lango hukuliona?"

"Mimi nililiona. Hebu waambie wao."

Mallt akacheka mpaka akalia. Wakapanua tundu, kondoo wakapishana mmoja mmoja, wa huku kwenda kule na wa kule kuja huku. Yule kikongwe akapita mwisho, Mallt akimsukuma, Tudur akimvuta.

Na tangu siku hiyo hakuna fundi wa Nantarog anayejenga ukuta bila kuacha tundu la kimo cha kondoo. Theluji ya kwanza ikianguka, majirani huenda kulizibua, huyu huku na yule kule, wote wamepiga magoti. Hawaondoki mpaka kila mmoja ameingiza mkono na kuushika wa mwenzake.