Mwita Maji Aliyeota Mkia

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mtu, midomo ya watu ikamfanya zimwi.

Basi, hapo kale, katika nchi ya mawe na miti ya miyombo, aliishi mchawi jina lake Lukwembe. Hakuwa mchawi wa kuroga. Alikuwa mwita maji. Kiangazi kikizidi, watu walimwendea wakamwita: "Lukwembe, mwita maji. Lukwembe, mwita maji. Lukwembe, mwita maji." Naye alipiga mwamba kwa fimbo yake, maji yakatoka.

Uchawi wake ulikaa midomoni mwa watu. Walivyomsema, ndivyo alivyokuwa.

Siku moja mama yake akafa. Watu wakaja msibani kutoka karibu na mbali. Wakaja pia watani wake, ukoo wa warina asali, maana kwao kazi ya mtani ni kuwachekesha wafiwa. Binti mmoja wa ukoo huo, Shija, akasimama mbele ya Lukwembe akasema mtu huyu ana masikio ya punda, na bado hakumsikia mama yake hata siku moja. Mwingine akasema ana jicho moja tu, la kutazama chungu kinachoiva. Wa tatu akasema huketi upande kwa sababu ya mkia. Lukwembe akacheka mpaka machozi. Akawapa kuku kama ilivyo desturi, yakaisha.

Lakini walikuwapo wageni kutoka nchi isiyo na utani. Hao hawakucheka. Walirudi kwao wakasimulia walivyosikia. Watoto wakamwimba hivyo. Wachonga vinyago wakamchonga hivyo. Akina mama wakawatishia watoto hivyo.

Basi, siku moja Lukwembe akaamka masikio yamerefuka. Siku nyingine jicho moja limeziba. Siku nyingine ameota mkia. Akaona haya, akahamia pangoni juu ya mlima.

Miaka ikapita. Msimulizi mmoja, alipoona watoto wanasinzia, akaongeza kwamba Lukwembe anakula watu. Watoto wakaamka. Hadithi ikapendwa, ikaenda nchi nzima. Na kule pangoni Lukwembe akaanza kusikia njaa asiyoijua. Mchunga mbuzi alipopita chini ya mlima, mate yakamjaa mdomoni. Akajiogopa. Akaviringisha jiwe akaziba mlango, asije akatoka.

Mwaka huo mvua haikunyesha. Visima vikakauka. Nyamizi, mjukuu wa yule Shija, alikuwa na mdogo wake mchanga ambaye hata kulia alishindwa kwa kiu. Bibi Shija, miguu imeshaisha nguvu, akamweleza yote: kwamba Lukwembe alikuwa mwita maji, na kwamba mkia ulikuwa utani tu.

"Ukimwona usikimbie," akamwambia. "Mtani hakimbiwi. Mtani anatukanwa."

Basi Nyamizi akapanda mlima na kibuyu kitupu. Alipofika penye jiwe, sauti ikatoka ndani.

"Nenda zako, mwanangu. Harufu yako inanitia njaa."

Nyamizi akachungulia kwenye ufa, akamwona. Hakukimbia.

"Mtani," akasema, "jicho lako la pili limekwenda wapi? Lilichoka kuiona hiyo pua?"

Ndani kikasikika kicheko kidogo, kama kikohozi. Jicho likafunguka.

"Mtani, na mkia huo mbona hauna hata manyoya? Ng'ombe wa kwetu watakucheka."

Akacheka tena. Mkia ukadondoka.

"Lakini bado nina njaa," Lukwembe akasema kwa huzuni. "Hiyo haikutoka kwenye utani. Nenda, mwanangu."

Nyamizi akashika jiwe kwa mikono miwili. "Mtani, Bibi Shija anasema hata mlenda wa mama yako ulikushinda kumaliza. Utaniweza mimi, mwenye visigino vigumu hivi?"

Lukwembe akacheka mpaka akaketi chini. Akacheka, akalia, maana tangu msiba ule hakuna aliyemtajia mama yake. Alipofuta machozi, njaa haikuwapo. Akasukuma jiwe, akatoka.

Nyamizi akamwita: "Lukwembe, mwita maji. Lukwembe, mwita maji. Lukwembe, mwita maji." Fimbo ikapiga mwamba. Maji yakatoka, yakateremka mpaka kijijini, na yule mtoto mchanga akanywa, akapata sauti ya kulia.

Watu wakapanda mlima kumtazama. Sikio moja lilikuwa limerudi kuwa la mtu. La pili lilikuwa bado la punda. Watoto wakamuuliza kwa nini. Akawajibu kwamba huko mbali kuna mtu bado anaisimulia hadithi kwa namna ile ya zamani.

"Na tukikucheka?" wakauliza.

"Chekeni," akasema, "ila mcheke nikiwapo."

Hadithi yangu imeishia hapo, penye maji. Nanyi mkiisimulia, msiikatishe kwenye mkia, mfike nayo mpaka kwenye maji, huenda na lile sikio likapona. Usieneze ubaya wa mtu usiyemjua, maana maneno humfika hata alikojificha.