Mlango wa Shemeji Sengondo

Nyumba ya mjane Zawena ilikuwa imeezekwa na sakafu imekauka. Kilichobaki ni mlango wa mbele tu, ahamie na wanawe. Ndipo shemeji yake Sengondo, tajiri mwenye sauti ya kutisha kijiji kizima, akaleta mlango wa mninga ulionakshiwa maua.

"Shemeji, nakupa mlango huu," alisema mbele ya majirani. "Ila utakapowekwa, hapo ni pangu. Nitahamia na kitanda changu."

Zawena alielewa. Sengondo aliitaka sebule, na akishaingia sebuleni, nyumba nzima ingekuwa yake.

"Majirani, mmesikia?" Zawena aliuliza kwa upole. "Mlango huu utakapowekwa, hapo ni pa shemeji."

"Na mtu asinitoe!" Sengondo akasisitiza.

"Akutoe nani, shemeji? Hata mimi nitakutetea."

Siku ya kuhamia, pilau ikinukia, Sengondo alifika na kitanda juu ya mkokoteni. Mlango wa mbele ulikuwa wa mabati makuukuu.

"Mlango wangu uko wapi?" alinguruma.

"Karibu huku, shemeji. Nimekufagilia."

Akamzungusha nyuma ya nyumba, majirani wakifuata. Mlango wa mninga uling'aa kwenye banda la kuku. Sengondo aliusukuma, jogoo akamrukia kifuani, na majirani wakaangua kicheko.

"Usiwe na wasiwasi," Zawena alimwambia. "Watoto nimeshawaonya: kabla ya kuokota mayai, wakupigie hodi."