Ukiambiwa Mkuki, Uliza Ncha

"Ukiambiwa mkuki, uliza ncha." Chanzo cha methali hii ninakijua, nami nitakisimulia kama baba yangu alivyonisimulia. Kinahusu ukoo wetu, na kwa sehemu fulani kinaeleza kwa nini mimi na nyinyi tupo duniani.

Jana, wakati wa taarifa ya habari, mtangazaji alisema kwamba serikali ya nchi moja ya mbali inajiandaa kuipiga jirani yake, kwa kuwa jirani huyo ameficha silaha za kutisha. Akaongeza kwamba ushahidi upo, ila kwa sasa hauwezi kuonyeshwa. Mimi nikaguna, nikaitamka methali hiyo, nanyi mkacheka mkidhani bibi yenu ameanza kuchanganya mambo. Leo mmekuja wenyewe kuuliza. Haya, sogeeni. Ila mahindi hayo yapukuchuliwe huku mnasikiliza, maana masikio hayazuii mikono kufanya kazi.

Zamani, watu wetu waliishi upande wa Ngori, mlima mkavu unaotazama magharibi. Walilima mtama na kunde, na maji waliyapata kwa mfereji uliotoka mbali. Ng'ambo ya bonde ulikuwa mlima wa Vuasha, wenye ukungu na mvua, na watu wake walilima migomba. Ngori ilitawaliwa na mfumwa, yaani mtemi, aliyeitwa Kateri. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu anayependa kusifiwa, na mtu wa namna hiyo akikosa sifa hukosa usingizi.

Mwaka huo sifa zilikuwa zimemkauka. Mfereji ulikuwa umebomoka kwa sababu alilazimisha upitishwe kwenye mteremko ambao wazee waliukataa. Maji yakapotea, mtama ukanyauka, na njaa ikapiga hodi. Kila palipokuwa na msiba watu walizika haraka, kisha wakakaa kumsema mfumwa. Wengine walianza kumtaja mdogo wake kuwa ndiye angefaa.

Ndipo mlinzi wa mpakani, mtu mmoja mnyamavu aliyeitwa Mbwilo, alipofika kwa Kateri na kutoa taarifa. Alisema ameona vijana wa Vuasha wakikata miti mirefu iliyonyooka na kuipandisha mlimani mafungu kwa mafungu. Ameyahesabu mafungu hayo mpaka hesabu ikamshinda.

Sasa ni lazima mjue jambo moja, la sivyo mtawaona watu wa Ngori kuwa ni wajinga. Huko Ngori mti mrefu ulionyooka ulikatwa kwa kazi mbili tu, ama paa la nyumba ama mpini wa mkuki. Na wakati huo yalikuwa masika, na masika hakuna anayeezeka. Kwa hiyo taarifa ilipofika barazani, hakuna aliyejiuliza mara mbili. Kateri alisimama akasema, "Vuasha wanatengeneza mikuki mia tatu." Kesho yake ikawa mia sita. Keshokutwa ikasemwa kwamba wamekwisha kugawana mashamba yetu na kuchagua nani atachukua mke wa nani.

Ajabu ya Mungu, Kateri akapendwa upya! Watu wale wale waliomsema misibani wakawa wanamwimbia. Aliyetaja mfereji aliambiwa, "Wewe unazungumza maji wakati shingo zetu ziko hatarini?" Na aliyesita aliambiwa lile neno tunalolijua sote, kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Vijana wakaandikishwa kwa ukoo. Safu ya kwanza ilipangwa vijana imara, na miongoni mwao alikuwemo Kajiru, mtoto wa pekee wa mhunzi Kangero na mkewe Namkunda. Kajiru alikuwa ndio kwanza ameoa, na mkewe alikuwa na mimba changa.

Kangero aliamriwa afue ncha mia tatu za mikuki katika siku kumi na mbili. Akaanza kazi. Nyundo ililia toka alfajiri hadi jua linazama, na Namkunda akivuta mivukuto. Siku ya nne Namkunda aliacha kuvuta. Moto ukafifia.

"Baba Kajiru," akasema, "hivi watu wa Vuasha ncha zao kawafulia nani?"

Kangero akajibu bila kuinua kichwa. "Sijui. Mimi mwaka huu wamechukua kwangu majembe na miundu tu."

"Na mhunzi mwingine yuko wapi?"

"Hayupo mpaka uvuke milima mitatu."

"Basi hiyo mikuki mia sita ina nini mbele?"

Kangero akaiweka nyundo juu ya fuawe. Yeye ndiye mtu aliyetakiwa kuliuliza swali hilo kabla ya wote, naye hakuliuliza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kaulize barazani. Mimi nimepewa amri, wewe hukupewa."

Namkunda akaenda. Aliuliza kwa adabu, amepiga magoti, kama mwanamke alivyotakiwa mbele ya mfumwa. Kateri akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia watu.

"Mama huyu anataka tuione ncha," akasema. "Mnataka kuiona wapi? Mkononi mwa adui, au kifuani mwa watoto wenu? Maana ikishaonekana, ndiyo imeshachoma!"

Watu wakapiga kelele za kushangilia. Ni maneno matamu hayo, na msidhani mngekuwepo nyinyi mngenyamaza. Wengine wakamzomea Namkunda wakimwita mchuuzi wa pande mbili, kwa kuwa yeye ndiye aliyezoea kupeleka majembe Vuasha. Lakini kilichomkata maini hakikuwa zomeo. Kajiru alimfuata njiani, uso umemvimba kwa hasira.

"Mama, unaniaibisha," akasema. "Wenzangu wananiambia mimi ni mtoto wa mwoga."

Namkunda alimtazama. Alitaka kumwambia kwamba yeye aliyemzaa anaogopa kweli, anaogopa mpaka magoti, na kwamba haoni aibu yoyote.  Alimwambia tu, "Nenda ukale, mkeo amepika."

Kesho yake asubuhi alijitwika kikapu cha miundu, akaweka juu yake nyundo ndogo ya mumewe, akashika njia ya bonde. Siku hizo hakuna aliyethubutu kumgusa mtu aliyebeba nyundo ya mhunzi. Iliaminika kwamba mhunzi akigonga nyundo yake huku akilitaja jina lako, ukoo wako haustawi tena. Kwa hiyo walinzi wa Ngori walimpisha wakimnung'unikia, na walinzi wa Vuasha wakampisha wakimwamkia.

Huko Vuasha alikuta watu wana hofu. Mwenyeji wake, mama mmoja aliyekuwa mteja wake wa miaka mingi, alimshika mkono akamvuta ndani.

"Mwenzangu, tumewakosea nini?" akauliza. "Siku ya tano leo tunasikia nyundo yenu hailali. Wazee wetu wanasema mnafua mikuki ya kutuua. Wameanza kuuliza na sisi tutatafuta wapi chuma."

Namkunda akaelewa. Yale yaliyosemwa ya uongo upande wake yalikuwa njiani kuwa kweli upande huu. Akauliza, "Na ile miti mirefu mnayokata, ni ya nini?"

Yule mama akamtazama kana kwamba ameuliza maji ni ya nini. Akamtoa nje, akamwonyesha shamba. Mvua mwaka huo ilikuwa imewajalia Vuasha mpaka ikavuka kiasi. Kila mgomba ulikuwa na mkungu mzito uliouinamisha hadi karibu na ardhi, na mingine ilikwisha kuanguka. Chini ya kila mkungu ulisimamishwa mti mrefu ulionyooka, na kileleni mwake mti huo ulikuwa na panda, kama vidole viwili, panda iliyoshika shingo ya mgomba usidondoke. Namkunda alikuwa akija Vuasha kwa miaka kumi na saba, lakini hakuwahi kuona mavuno ya kuhitaji mihimili shamba zima. Akasimama hapo akicheka na kulia kwa pamoja. Kisha akaomba apewe mti mmoja.

Mvua ilijaza mto wa bondeni ikamzuia huko karibu wiki nzima, akarudi Ngori siku ambayo vijana walikuwa wamekusanyika barazani kuagwa. Kangero alikuwa amemaliza kazi yake, na zile ncha mia tatu zilikuwa zimetandazwa juu ya ngozi za ng'ombe, zinang'aa. Namkunda akapita katikati ya watu akiwa na ule mti begani, akaulaza mbele ya safu ya kwanza, mbele ya mwanawe.

"Huu ndio mkuki wa Vuasha," akasema. "Haya, nionyesheni ncha yake."

Vijana wakainama kuutazama. Mmoja akaigusa ile panda, mwingine akacheka. Kateri akasema kwa ukali, "Wamekupa mti mmoja wa kukufumba macho. Mikuki wameificha!"

"Huenda, Mfumwa," akajibu Namkunda. "Mimi ni mwanamke, nimeona shamba moja tu. Lakini aliyeiona mikuki yupo hapa. Mbwilo, ndugu yangu, uliona ncha?"

Watu wote wakamgeukia mlinzi. Mbwilo alimtazama mfumwa wake, akatazama chini.  Nawaambia wanangu, katika hadithi hii yote watu humsifu Namkunda, na ni haki yake. Lakini mimi namshukuru Mbwilo kila nikimkumbuka, kwa sababu Namkunda alikuwa na mtoto wa kumtetea, na Mbwilo hakuwa na chochote ila cheo cha kupoteza.

"Niliona miti," akasema. "Nilipofika kwa Mfumwa nilisema miti. Hilo neno mikuki nimelikuta hapa barazani."

 Kateri akafungua kinywa aseme, lakini Kangero akatangulia. Mzee huyo hakuwa na mazoea ya kusema mbele za watu.

"Mimi ni fundi, nitasema la ufundi," akasema. "Vuasha wana miti isiyo na ncha. Sisi tuna ncha mia tatu hizi hapa, nimezifua kwa mikono yangu. Mpita njia akituona sote leo, atasema anayejiandaa kumwua mwenzake ni nani?"

 Kajiru ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka kwenye safu. Alitoka taratibu, akauchukua ule mti wenye panda, akausimamisha wima akauegemeza kwenye ukuta wa baraza ili watu wa nyuma nao wauone. Wenzake wakaanza kutawanyika, mmoja mmoja, kisha makundi. Wazee wakamsogelea Kateri. Wapo waliotaka aondolewe siku hiyo hiyo, lakini mkubwa wao akasema, "Mfumwa, tuanze na mfereji." Akaanza nao. Safari hii alipita pale wazee walipomwelekeza, na inasemekana alichimba kwa mikono yake mwenyewe, ingawa hilo mimi siapi.

Watu watatu walitumwa Vuasha na mbuzi mweupe kuomba radhi. Walipewa mikungu ya ndizi ambayo hawakuweza kuibeba, ikabidi waitwe wengine. Ngori nzima ilikula ndizi mwaka ule wa njaa. Watu walioitwa wauaji ndio waliotulisha. Baba yangu alikuwa kila akila ndizi husema "ahsante" kabla ya tonge la kwanza, na sisi watoto tulidhani anamshukuru mama kwa kupika.

Mke wa Kajiru alijifungua salama mtoto wa kiume. Huyo ndiye aliyemzaa baba yangu. Sasa hesabuni wenyewe. Kama ile safu ya kwanza ingeshuka bondeni, mtoto yule angezaliwa yatima, na katika njaa ile yatima wangapi waliona mwaka wa pili? Mimi huwa nawashukuru wote kwa majina, Namkunda na Kangero na Mbwilo, na yule mama wa Vuasha ambaye jina lake halikutufikia, na hilo linaniuma.

Siku ile watu walipokwisha kutawanyika, Kajiru alibaki nyuma. Alimkuta mama yake ameketi chini kwenye vumbi. Akapiga magoti mbele yake.

"Mama, nisamehe. Mimi nilikuita mwoga moyoni. Wewe ulijuaje kwamba hawakuwa na mikuki?"

"Sikujua, mwanangu," akasema Namkunda. "Wangeweza kuwa nayo. Mimi niliuliza tu."

 Kajiru alimwinua mama yake, akampeleka nyumbani. Toka siku hiyo, mfumwa yeyote aliyesimama katika baraza la Ngori na kuwaambia watu kwamba adui anakuja, hakushangiliwa wala hakuzomewa. Alisikilizwa mpaka mwisho, kisha mtu mmoja, aghalabu mwanamke mwenye mtoto wa kiume, alisimama akamwambia kwa adabu: Mfumwa, ukiambiwa mkuki, uliza ncha.