Kufagia Kivuli Nyumbani kwa Bi Mwanamize

Hii nimeletewa na wifi yangu, naye kaletewa na mwenzake wa kikundi cha kufa na kuzikana, kwa hiyo msiniulize mwanzo wake. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, nikaunguza vitunguu. Isomeni mpaka chini ndipo mumpelekee mwingine.

Palikuwa na fundi wa friji, jina lake Mbwana, aliyefiwa na mkewe akabaki na binti mdogo, Mwajabu. Baada ya muda akaoa tena. Mke mpya aliitwa Salha, mwanamke mpole mwenye kicheko cha karibu, na Mwajabu alimwita Anti.

Siku ya harusi Salha aliwasikia wanawake wawili wakinong'ona huku wakipakua pilau. Mmoja alisema, "Masikini, mtoto wa watu." Mwenzake akajibu, "Mama wa kambo ni mama wa kambo. Tutaona." Maneno hayo yalimkwama Salha kooni kama mwiba wa samaki. Akajiapiza kwamba hakuna mtu atakayepata la kusema juu yake.

Na kweli hawakupata. Salha hakuwahi kumpandishia Mwajabu sauti. Hakumtuma dukani hata chumvi ilipoisha mboga ikiwa motoni. Alijifunga kanga akaenda mwenyewe. Alimtandikia kitanda, akamfulia soksi, akampakulia yeye kwanza, tena paja la kuku. Siku mtoto alipovunja kikombe cha maua, kile cha seti ya harusi, Salha alikuja mbio akasema, "Pole, mwanangu, hujajikata?" Majirani wakasifu. Wale wapakuaji wa pilau wakakosa habari.

Mtoto naye alikuwa na adabu ya kutisha. Asante Anti kwa chai. Samahani Anti, naomba kufungua dirisha. Salha alimlalamikia dada yake kwenye simu: "Ananishukuru kwa kila kitu. Umeona wapi mtoto anamshukuru mama yake kwa kufuliwa soksi?" Dada yake akamshauri azidishe upole. Akazidisha.

Basi Mama Nasoro, dada mkubwa wa marehemu, aliyekuwa akiishi Korogwe, akatoa ombi lake. Alitaka Mwajabu akakae kwake moja kwa moja. Hakuwa na ubaya wowote, alisema tu kwamba kwake kuna watoto wa rika la Mwajabu na nyumba imechangamka. Mbwana hakutaka kumlazimisha mtu. Akasema mtoto aamue mwenyewe, na likizo ikiisha atoe jibu.

Salha alikubali kwa mdomo, lakini ndani alikuwa amekwisha. Alimpenda yule mtoto, wala si kwa kuonyesha watu. Alimpenda kweli, na alijiona anampoteza huku mikono yake ikiwa wazi.

Katika likizo hiyohiyo Mbwana akasema waende nyumbani kwa Bi Mwanamize.

Bi Mwanamize alikuwa mwandishi wa hadithi za watoto, marehemu siku nyingi. Watu wazima wa mji ule walikuwa wamelala na hadithi zake utotoni, na watoto wao vilevile. Nyumba yake ya zamani ilikuwa imegeuzwa mahali pa familia kutembelea, ila hapakuwa mahali pa kutazama vitu ndani ya makabati ya vioo. Unaingia ndani ya hadithi zenyewe, miguu mitupu, viatu unaviacha mlangoni.

Salha alisita. Alizijua zile hadithi. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya yatima aliyeamriwa na mama yake wa kambo aufagie uwanja mpaka kivuli cha nyumba kiondoke. Yatima anafagia, kivuli kinarefuka. Anafagia, kinarefuka. Mwishoni anaweka ufagio chini, anaondoka zake bila kuaga, na hataki kurudi tena. Salha alijiuliza, "Yaani tumpeleke mtoto akafundishwe namna ya kuniacha?" Lakini angesema nini? Akavaa baibui yake nzuri akaenda.

Mlangoni walipokewa na mwongozaji, Bi Namkunda, mama wa makamo mwenye sauti ya kunadi mitumba.

"Paukwa!" akaita.

"Pakawa!" wakaitikia, wao na familia nyingine walizoongozana nazo, na mlango ukafunguliwa.

Chumba cha kwanza kilikuwa jiko la jitu. Mwiko ulikuwa mrefu kuliko Mbwana, na ndani ya sufuria watoto walikuwa wamekaa wakisubiri kupikwa. Chumba cha pili kilikuwa msitu wa vitambaa. Ukigusa mti, mti unapiga chafya. Halafu kulikuwa na shimo la kupitia kwa kutambaa, na humo Mbwana akakwama kitambi. Salha alimvuta mkono mmoja, Mwajabu mwingine, na kwa dakika ile walicheka wote watatu kama watu wa nyumba moja. Mbwana alipochomoka, mtoto akasema, "Asante kwa kunisaidia, Anti." Kicheko cha Salha kikaishia hapohapo.

Kisha wakatokea uani.

Ulikuwa uwanja wa mchanga uliozibwa juu kwa turubai. Upande mmoja palijengwa kibanda cha udongo, na nyuma yake taa kubwa ilikuwa ikishuka taratibu kwenye waya, ikawa jua linalokwenda kuzama. Kadiri ilivyoshuka, kivuli cha kibanda kilitambaa mchangani.

"Hapa hatusimulii," Bi Namkunda akatangaza. "Hapa tunacheza. Na anayegawa nafasi ni mtoto. Leo atagawa... wewe, mwenye suruali ya njano!"

Mwajabu akasogea mbele. Alijichukulia mwenyewe nafasi ya yatima, pamoja na ufagio. Nafasi ya jogoo wa kuwika akampa baba yake, na Mbwana akawika vizuri mno, watu wakapiga makofi.

"Na mama wa kambo?" akauliza Bi Namkunda, akiinua shuka jeusi.

Salha aliangalia chini. Kulikuwa na akina mama wengi pale, wengine wanene wenye nyuso za ukali, wangefaa sana.

"Anti," Mwajabu akasema, akamnyooshea kidole.

Nyuma mtu akaguna, "Makubwa!" Bibi mmoja akamkanyaga mwenzake mguu ili anyamaze. Salha akajisemea moyoni: Upole wote ule, miezi yote ile, na bado.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mchague hata Bi Namkunda."

"Hapana. Nakutaka wewe."

Akavishwa shuka jeusi. Maneno yake yalikuwa mafupi: alitakiwa amwamuru yatima kwa ukali aanze kufagia. Mwajabu akasimama mbele yake na ufagio, macho yamemtoka, anasubiri. Salha akafungua mdomo. Sauti ikatoka nyembamba.

"Naomba ufagie kidogo, mama, kama hujachoka."

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Jamani!" Bi Namkunda akasema. "Mama wa kambo gani huyu wa kuomba radhi? Mgombeze!"

Salha akajaribu tena. "Fagia, tafadhali."

Ndipo Mwajabu akautupa ufagio mchangani, akaangua kilio. Hakikuwa kilio cha mchezo.

"Hawezi!" akasema. "Hata kwa kuigiza hawezi!"

Mbwana akaacha ujogoo, akaja akapiga magoti. "Hawezi nini, mwanangu?"

"Kunigombeza!" Mtoto alikuwa akisema na kwikwi juu. "Rehani hapo jirani anaitwa na mama yake mpaka mtaa wa pili unasikia. Anatumwa mkaa, anatumwa nazi. Akichelewa anagombezwa. Mama Mkubwa nikienda kwake ananioshesha vyombo. Hapa nyumbani hakuna anayenituma. Nikivunja kikombe naambiwa pole. Si mgeni ndiye anaambiwa pole akivunja kikombe? Nilidhani akiwa mama wa kambo wa uongo, labda atanigombeza kidogo tu."

Hapakuwa na aliyecheka. Yule aliyeguna alikuwa akitafuta leso kwenye mkoba.

Salha alisimama pale na shuka lake, na nadhani ndipo alipoiona nyumba yake yote kwa mara ya kwanza. Kitanda alichokitandika, soksi alizozifua, paja la kuku. Hivyo ndivyo watu wanavyomkirimu mgeni. Kila siku alikuwa akimwambia mtoto, bila kutamka, kwamba hapa si kwake. Kwa kuogopa midomo ya wapakua pilau wawili, alikuwa amemsimamisha mtoto sebuleni akiwa na njaa ya kuingia jikoni.

Akalivua shuka jeusi, akalitupia kando. Akashika kiuno.

"Mwajabu!"

Hata Bi Namkunda alishtuka.

"Okota huo ufagio! Nani amekufundisha kutupa vitu vya watu? Na hizo kamasi jifute, umekuwa mtoto mchanga?"

Mwajabu aliokota ufagio. Akajifuta kwa mkono wa blauzi.

"Kwa blauzi? Nguo hiyo nani ataifua? Leo utaifua mwenyewe, nikikuangalia."

"Ndiyo, Anti," mtoto akasema, na uso ulikuwa bado umelowa, lakini mdomo ulikuwa unapigana na tabasamu na ulikuwa unashindwa.

"Haya, kimbia mlangoni katuletee viatu. Vya baba yako ni vile vilivyokatika kamba, usiviburute."

Mwajabu aliondoka mbio kama aliyeambiwa kuna keki. Salha naye akaketi mchangani palepale, akalia mbele za watu bila kuficha uso. Mbwana akakaa ubavuni kwake. Alitaka kumtuliza, akawika. Salha akampiga kofi la begani huku akicheka na kulia.

Bi Namkunda akaizima taa. Kivuli kikapotea chenyewe, hakuna aliyekifagia, na siku hiyo hadithi haikumalizika wala hakuna aliyedai imalizwe.

Msinielewe vibaya, maana nawajua baadhi yenu kwenye kundi hili. Salha hakumpiga mtoto siku ile, na hakumpiga baadaye. Kumtuma mtoto na kumkemea si sawa na kumtesa, na asiyejua tofauti yake asiombe mfano kwangu. Paja la kuku Mwajabu aliendelea kulipata, ila sasa kwa zamu, kama watu wengine. Aliunguza wali mara mbili akasemwa. Siku moja alichelewa dukani kwa kucheza kombolela, akasemwa mpaka mtaa wa pili ukasikia, na Rehani akamwambia, "Leo mama yako kakasirika!" Mwajabu akaitikia, "We acha tu," akijidai kuchoka, na moyoni amejaa raha.

Likizo ikaisha. Mama Nasoro akaja kutoka Korogwe na begi tupu kubwa, maana alikuwa na hakika. Wakaketi sebuleni, Mbwana, Salha na yeye. Salha aliweka chai mezani. Hakumwambia mtoto neno lolote la kumvuta, wala hakumpikia cha kumhonga. Safari hii aliamua kungoja tu.

Mama Nasoro akaita, "Mwajabu, njoo mwanangu. Umeamuaje? Twende?"

Mtoto akatokea jikoni, mikono imejaa povu mpaka kwenye viwiko, upande wa gauni umelowa.

"Siwezi, Mama Mkubwa," akasema. "Wiki hii zamu ya vyombo ni yangu."

Akarudi ndani haraka, kwa sababu alikuwa ameacha bomba wazi, na Salha alikwishaanza kumgombeza kwa ajili hiyo.

Mama Nasoro aliliangalia begi lake, akamwangalia Salha, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Akakaa siku mbili, akarudi Korogwe amejaza begi maembe.

Kama siku hizi Mwajabu anamwita Salha mama au bado Anti, aliyenitumia hakusema, na mimi sikuona haja ya kuuliza.

Funzo: Ukimlea mtoto kwa kuogopa watu watasema nini, utamkirimu kama mgeni naye atajiona mgeni. Mpende kwa kumpa chakula, na mpende pia kwa kumpa kazi, kumwita kwa jina na kumkemea anapokosea, ili ajue kwamba nyumba hii ni yake na bila yeye haijatimia.