Mgeni wa Mzee Shekue

Paukwa!

—Pakawa!

Sogeeni motoni, ila msiniunguzie hadithi.

Hapo kale, hesabu ilipokuwa changa na wa kuikosea ni wengi, aliishi Mzee Shekue, msomi aliyepima hata chumvi ya mchuzi kwa rula. Mjukuu wake, Mwanahawa, aliposafiri kwa shangazi yake, akamwachia hamsta wake, Kishavu, kijinyama cha kufugwa mfano wa panya, mashavu kama mifuko.

"Babu, nimkute mzima."

"Huyu ni mgeni wangu, mjukuu wangu. Na mgeni haulizwi, hukirimiwa."

Siku ya kwanza, mgeni hupewa maji ya kuoga. Mzee akapima joto la maji kwa kiwiko, akamtumbukiza Kishavu. Kishavu akatoka amelowa chepechepe, anatetemeka, akaimba:

*Babu Shekue, niulize,*
*nina kinywa, niulize!*

Mzee akapiga makofi. "Anashukuru!"

—Hashukuru!

Nyie mmejuaje? Mzee amesoma, nyie bado.

Siku ya pili, mgeni hulishwa vinono. Akapewa pilau, akapewa halua. Wala hakuachwa alale mchana, ingawa hamsta hulala mchana. Akaketishwa barazani aamkiwe na wapita njia. Halua ikamnata shavuni. Akaimba kwa sauti hafifu:

*Babu Shekue, niulize,*
*nina kinywa, niulize!*

Mzee akapiga makofi. "Anasifu mapishi!"

—Masikini Kishavu!

Siku ya tatu Kishavu hakuimba. Alijikunja kama kifundo cha uzi, macho hayafumbuki. Hesabu zikamwishia Mzee.

"Rukia mke wangu, nimempa kila haki ya mgeni, naye anakufa. Mwanahawa nitamwambia nini?"

Bi Rukia akamfuta Kishavu halua shavuni. "Umesahau moja, msomi wangu. Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe."

Bi Rukia alitania. Lakini Mzee, mtu wa utaratibu, hakuwa na sikio la utani. Akagawanya urefu wa mpini wa jembe lake kwa kimo cha mgeni, akachonga kijembe cha njiti ya kiberiti. Akajaza sanduku mchanga mkavu na maranda ya seremala liwe shamba, akamweka Kishavu ndani, akasema kwa haya:

"Uniwie radhi, mgeni wangu. Ndiyo desturi. Lima."

Pua ikachezacheza. Kucha zikagusa mchanga. Kishavu akakisukuma kijembe kando, akachimba! Akajigaragaza, manyoya yakang'aa. Akachimba shimo, akaingia, akalala.

Jioni akatoka, mzima wa afya. "Shikamoo, babu. Sisi huoga mchanga, hula nafaka, na mchana hulala shimoni."

"Marahaba. Mbona hukusema?"

"Niliimba, ukanipigia makofi."

Mzee akajishika kichwa. "Kumbe nilipokukirimu nilikuua, na nilipokutuma shamba nikakuponya!"

Bi Rukia akacheka hata kanga ikamvuka. Naye Mwanahawa aliporudi, alimkuta Kishavu mzima. Mgonjwa alikuwa babu, wa aibu.

Basi wanangu, anayekutegemea mjue kwanza kwao huishije, ndipo umkirimu. Hadithi yangu naifukia hapo. Anayeitaka na achimbe.