Kwa Nini Mtani Hakamatwi Msibani

Jana pale makaburini niliona baadhi yenu vijana mmekunja sura kwa sababu mama mmoja wa Kwamtunda aliingia kaburini, akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe kuku. Mkataka kumwitia mgambo. Mlinitia aibu, nawaambia kweli. Basi kaeni niwaeleze, na wewe Shekiondo wa Kwamtunda acha kucheka, zamu yako inakuja.

Zamani hizo hapakuwa na utani. Sisi wa Luhombo tulikaa huku mlimani, wao walikaa kule bondeni, na wote tulitawaliwa na Jumbe Semgaya, mtu mwenye sheria nyingi kuliko mbuzi. Sheria aliyoipenda kuliko zote ilihusu mdomo. Atakayemtolea mwenzake neno la kuudhi atafukuzwa nchini, aondoke na nguo aliyovaa tu. Askari wa jumbe walizunguka kila mahali wakisikiliza.

Watu wakawa na adabu mpaka ikawa tabu. Mtu alishinda na uji kidevuni tangu asubuhi mpaka jioni, maana nani angethubutu kumwambia? Fundi mmoja alijenga nyumba imeinama kama mlevi, watu wakapita wakisema hongera, hongera, mpaka ikamwangukia mwenyewe. Alipochomolewa chini ya udongo wakampa hongera nyingine.

Sasa huku Luhombo alikuwapo Bibi Nyange, mama wa mtu aliyeitwa Mhando. Hakuwa na mtoto mwingine. Bibi huyo akafariki, na Mhando akachanganyikiwa kwa uchungu. Alikaa mlangoni mwa chumba cha maiti, hali, hanywi, halii. Sheria nyingine ya jumbe ilisema kaburi halichimbwi mpaka mfiwa mkuu atamke mwenyewe kwamba lichimbwe. Mhando hakutamka.

Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Watu wa Kwamtunda walikuwa wamepanda na majembe yao kuja kusaidia kuchimba, wakabaki wameyakalia. Siku ya tatu, na lilikuwa jua la kiangazi, hali mle ndani mnaijua wenyewe. Wazee walikaa asubuhi nzima wakitafuta maneno yasiyoudhi. Wakamtuma mmoja akamwambie Mhando kwamba jua linakwenda. Mhando akajibu kwamba ni kweli, linakwenda. Mzee akarudi, wakaanza kutafuta maneno mengine.

Miongoni mwa wale wa Kwamtunda alikuwapo mama mmoja, Siwema, aliyeuza maharage sokoni ubavuni kwa marehemu miaka arobaini. Alimpenda Bibi Nyange kama pumzi yake. Alipoona rafiki yake anaharibika huku watu wanasemezana kwa adabu, uvumilivu ukamwishia. Aliichukua kaniki ya marehemu iliyoanikwa uani, akajifunga. Akachukua na fimbo yake. Kisha akatembea mbele ya watu wote kwa miguu ya matege kama ya marehemu, akasimama mbele ya Mhando, akamsemesha kwa sauti ileile ya mama yake.

"Wewe Mhando, kichwa kama kinu! Siku tatu umeniweka ndani kama mahindi ya mbegu. Mimi nilikuzaa kwa taabu, wewe kunizika tu kumekushinda?"

Mhando akamtazama. Kifua chake kikaanza kutikisika, watu wakadhani kwikwi, kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka akaegemea mlango, na kicheko kikageuka kilio, kilio alichokuwa amekizuia siku zote tatu. Alipomaliza alipangusa uso akasema, "Chimbeni."

Bibi Nyange akazikwa salama. Lakini askari walikuwa wamesikia, na kesho yake Siwema akafikishwa barazani na nguo aliyovaa tu, akisubiri kufukuzwa uzeeni. Jumbe akamwita Mhando aseme kama ametukanwa.

Mhando akasimama. "Nimetukanwa, jumbe. Mama huyu ana mdomo mchafu, na matege yake yanapita ya marehemu mama yangu, hakuhitaji hata kuigiza. Haya, na mimi nimemtukana, tena mbele yako. Tufukuze wote."

Hapo jumbe akakwama, kwa kuwa sheria yake nyingine ilikataza kumgusa mfiwa kabla ya siku arobaini. Na wakati anakuna kichwa, mzee mmoja wa Luhombo akawaambia wa Kwamtunda kwamba majembe yao ni butu kama akili zao. Wa Kwamtunda wakajibu. Baraza zima likawaka matusi na vicheko, na wote wakadai kufukuzwa. Jumbe akaona atabaki kutawala mbuzi. Akatamka kwamba sheria inabaki, ila baina ya Luhombo na Kwamtunda haina masikio, na msibani ndiyo kabisa.

Wakubwa bwana, hawaachi kitu kikae. Mwezi uliofuata jumbe aliteua watani wawili rasmi, kila mmoja na askari wake na matusi ya kukariri. Wakapelekwa msibani, wakayasema yote kwa mpangilio. Wafiwa wakasema asanteni. Hakuna aliyecheka. Jumbe akawaachisha kazi, na jambo lile akawaachia watu wenyewe, ambao bila kuandikiwa walijua waseme nini, kwa nani, na wakomee wapi.

Na tangu siku hiyo sisi tukifiwa hatutulii mpaka wa Kwamtunda wafike, na wao vivyo hivyo kwetu. Kwa hiyo vijana, mgambo mwacheni apumzike, na yule mama mpelekeeni kuku wake. Nawe Shekiondo, kichwa kikubwa, siku yangu ikifika uje unitukane vizuri. Ukikaa kimya, ndipo nitajua nimekufa kweli.